Spika ya Katikati

Mizigo ya Uganda ishushwayo Kilindini hupita Malaba au Busia, na bila shaka katika makontena hayo zimo sinema za nyumbani: spika tano na moja ya besi. Nyingine zimebaki huku huku, sebuleni mwetu.

Watu wa mpakani filamu waijua kwa njia nyingine. Upande wa Uganda viko vibanda vya video ambamo mfasiri hushika maikrofoni, akaigeuza filamu kwa Kiganda na kuitia mizaha yake. Wengi huenda kumsikiliza yeye kuliko kumtazama shujaa. Hilo nalipenda mno. Neno limepewa heshima yake.

Mafundi wetu wa sebuleni hufanya kinyume. Huipandisha besi hata vikombe vikalia kabatini, na ile spika ya katikati, ichukuayo maneno ya waigizaji, wakaisukuma nyuma ya kochi. Kisha mwenye nyumba alalamika hasikii wasemalo! Naiwekwe chini ya televisheni, ielekee masikio ya wakaao. Mbili kulia na kushoto mbele, mbili ubavuni, nyuma kidogo.

Na besi ipunguzwe, jamani. Mvumo wake hauzuiwi na ukuta, na nyumba za kupanga za mpakani, kama za Mombasa, zimeshikana. Jirani ana haki yake kwetu: huenda ana mgonjwa, au ataamka alfajiri kusali, au ni dereva aliyekesha foleni Malaba, ndiyo kwanza ajinyooshe.