Mali Bila Daftari: Virutubisho na Dawa za Cheti, Kipi Salama?

Wafanyabiashara wadogo wanaotafuta bidhaa ya kuanzia wanazidi kuvutwa na ile isiyooza haraka, isiyohitaji ghala kubwa na yenye faida nono kwa kila kopo. Bidhaa hiyo ni virutubisho: vidonge vya vitamini, unga wa kuongeza nguvu, chai ya kupunguza unene, majani ya kusafisha damu. Vinauzwa madukani, kwenye semina za hotelini, kwa mawakala wa mtandao na siku hizi kwa simu. Na karibu kila muuzaji ana sentensi moja ya kufungia biashara: "Hii si dawa, ni kitu cha asili, haina madhara. Dawa za hospitali ndizo zenye sumu."

Safu hii haina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake. Lakini sentensi hiyo imejengwa juu ya hesabu mbovu, na mwenye kutaka kuweka fedha zake katika biashara hii anapaswa kujua ubovu uko wapi kabla hajanunua katoni ya kwanza.

HESABU INAYOTAJWA

Wauzaji husema nusu ya ukweli. Tuchukue Marekani, ambako takwimu za namna hii huwekwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba watu wapatao 23,000 kila mwaka hukimbizwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za nchi hiyo kutokana na madhara ya virutubisho. Kwa upande wa dawa, idadi hiyo inazidi milioni 1 kwa mwaka. Ukiweka tarakimu hizo mbili ubavuni, virutubisho vinaonekana kuwa salama mara arobaini na zaidi. Hapo ndipo muuzaji hufunga mkoba wake na kuomba fedha.

Mwenye kujua mizania hawezi kukubali hesabu hiyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, mizania ina pande mbili. Dawa zinazoongoza kuwapeleka Wamarekani katika vyumba vya dharura ni pamoja na za kuzuia damu isigande, za kisukari na za kuua vijidudu. Hizi hupewa watu ambao tayari ni wagonjwa, na wengi wao ni wazee. Mgonjwa wa kisukari anayehitaji insulini anaweza kudhurika akizidisha dozi, lakini bila insulini hiyo atakufa. Katika daftari la dawa, upande wa hasara una madhara na upande wa faida una uhai wa mtu. Kirutubisho kinachomezwa na mtu mzima mwenye afya na anayekula vizuri, mara nyingi hakina cha kuandika upande wa faida. Kwa hiyo hata hasara ndogo kwake ni hasara tupu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, daftari lenyewe halilingani. Dawa ya cheti huacha nyayo kila inapopita: jina la daktari, dozi, tarehe, famasia iliyoitoa. Mgonjwa akipatwa na jambo, daktari huuliza anatumia dawa gani. Mtumiaji wa kirutubisho hamwambii daktari, na daktari mara nyingi hamuulizi. Ini likiharibika, hakuna anayelihusisha na kopo lililoko juu ya kabati. Muuza duka asiyeandika mikopo anaweza kuapa mbele ya watu kwamba hana mdaiwa sugu hata mmoja, na kwa kuangalia vitabu vyake atakuwa amesema kweli. Wahenga walimjua mtu huyo waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

NANI ATHIBITISHE?

Tofauti ya kweli kati ya bidhaa hizi mbili si kwamba moja ni ya asili na nyingine ni ya kiwandani. Kwinini ilitoka katika gamba la mti, na mofini hutoka katika utomvu wa mpopi. Tofauti ni swali moja: nani anabeba mzigo wa kuthibitisha usalama, na kabla au baada ya kuuza?

Kwa dawa, mzigo ni wa mtengenezaji, tena kabla ya kuuza. Utaratibu huo ulinunuliwa kwa roho za watu. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliuza dawa ya maji ya salfa iliyoyeyushwa katika kemikali yenye sumu, nayo iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kumlazimisha mtengenezaji aonyeshe usalama wa dawa mpya kabla ya kuiingiza sokoni. Kisha likaja janga la thalidomide, dawa iliyozalisha Ulaya maelfu ya watoto wenye viungo pungufu, na mwaka 1962 sheria ikaongeza sharti la pili: onyesha pia kwamba dawa inafanya kazi.

Virutubisho vilichukua njia nyingine. Oktoba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyovihesabu kuwa ni aina ya chakula. Mtengenezaji hahitaji kibali cha usalama kabla ya kuuza. Kopo likiwa na madhara, ni kazi ya serikali kuyathibitisha, tena baada ya watu kuumia. Wakati huo soko lilikuwa na bidhaa kama 4,000 zenye thamani ya dola bilioni 4. Mwaka 2019 FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilisema soko hilo limezidi dola bilioni 40, na bidhaa zimezidi 50,000 na huenda zinafika 80,000. Mfanyabiashara ataona hapo ukuaji mtamu. Mnunuzi aone kwamba sehemu kubwa ya ukuaji huo ilipita bila mtu kukagua mlangoni.

MIFANO MIWILI YA MWAKA 2004

Mwaka 2004 unatupa mfano wa kila upande. Mfano wa dawa ni Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyotengenezwa na Merck na kuruhusiwa mwaka 1999. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni iliiondoa sokoni dunia nzima, baada ya jaribio lake yenyewe lenye wagonjwa zaidi ya 2,500 kuonyesha kwamba walioitumia zaidi ya miezi 18 walikuwa na hatari takriban maradufu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hisa za Merck zilianguka kwa zaidi ya robo ya bei yake siku hiyo hiyo. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi. Isidhaniwe kwamba mfumo ulishinda kwa heshima. Dalili za hatari zilikuwa zimeonekana tangu jaribio la mwaka 2000, na kampuni pamoja na FDA walilaumiwa kwa kuchelewa.

Mfano wa virutubisho ni efedra, mmea wa tiba ya Kichina uliouzwa Marekani kwa kupunguza unene na kuongeza nguvu. Efedra hupandisha shinikizo la damu na kuuharakisha moyo. FDA ilipendekeza kuibana mwaka 1997 ikashindwa, maana sheria ilitaka serikali ilete ushahidi. Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, mwenye umri wa miaka 23, alifariki baada ya kuzidiwa mazoezini, na efedra ikatajwa katika uchunguzi wa kifo chake. Marufuku ilianza kufanya kazi Aprili 2004, ikapingwa mahakamani, na ikaja kuthibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2006.

Bidhaa zote mbili zilidhuru watu. Lakini angalia madhara yalivyojulikana. Ya Vioxx yalionekana ndani ya majaribio yaliyohesabu wagonjwa mmoja mmoja. Ya efedra yalikuwa yamelala katika makabati ya wauzaji. Kampuni moja tu, Metabolife, ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya 14,000 za wateja waliopiga simu kueleza matatizo ya afya, na zilifika serikalini mwaka 2002. Wakati huo sheria haikumtaka muuza virutubisho atoe taarifa. Sharti la kuripoti madhara makubwa lilianza kutumika Desemba 2007 tu.

Kwa mwekezaji kuna somo jingine. Merck ilikuwa na dawa nyingine na mtaji wa kulipa, ikabaki hai. Metabolife iliomba hifadhi ya muflisi mwaka 2005. Na wakala aliyekuwa na katoni za efedra stoo alibaki na mzigo usiouzika.

KILICHOMO NDANI YA KOPO

Kuna jambo baya zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2016 FDA iligundua virutubisho 776 vilivyochanganywa kwa siri na dawa za kiwandani. Vilivyoongoza ni vya nguvu za kiume, vikifuatiwa na vya kupunguza unene. Katika vya nguvu za kiume iliyokuwa ikipatikana zaidi ni sildenafil, dawa ile ile iliyomo katika Viagra. Katika vya unene ni sibutramine, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo.

Mteja aliyekimbia "sumu za hospitali" anauziwa dawa ya hospitali, bila dozi na bila onyo. Kama ana maradhi ya moyo na anameza dawa za naitreti, sildenafil iliyofichwa inaweza kuangusha shinikizo lake la damu hadi kufa.

Haki itendeke: dawa nazo zinaghushiwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dawa 1 katika kila 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au hafifu. Tanzania yenyewe mwaka 2012 ilikumbwa na sakata la dawa bandia za kufubaza VVU. Lakini dawa ina namba ya usajili na namba ya toleo, na kwa namba hizo inaweza kufuatwa na kurudishwa. Kopo lililoletwa kwenye begi la abiria halifuatiki.

VIKIKUTANA TUMBONI

Wauzaji hulinganisha kana kwamba mtu huchagua kimoja. Ukweli ni kwamba wateja wengi humeza vyote viwili. Mwaka 2000 ilionekana kwamba mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kwa kuondoa huzuni, hushusha sana kiwango cha indinavir, dawa ya VVU, katika damu. Na dolutegravir, iliyomo katika dawa za VVU zinazotumiwa sasa na wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya, hupungua nguvu ikimezwa pamoja na vidonge vya kalsiamu, chuma, zinki au magnesiamu bila kufuata maelekezo ya saa na chakula. Vidonge hivyo havina ubaya peke yake. Kosa ni kuviuza bila kuuliza mteja anatumia nini kingine. Na anayemwambia mgonjwa aache kabisa dawa zake ili "kirutubisho kifanye kazi" hafanyi tena biashara. Anacheza na roho ya mtu.

Virutubisho vina heshima yake pale vinapostahili. Utafiti mkubwa wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba foliki asidi huzuia sehemu kubwa ya kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa watoto wanaozaliwa. Ndiyo maana kina mama wajawazito hupewa vidonge vya chuma na foliki asidi kliniki, na watoto hupewa matone ya vitamini A. Lakini hivi vimepimwa, dozi inajulikana na anayevitoa anaandika kwenye kadi. Vina daftari.

USHAURI WETU

Kwa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko TBS na wa dawa uko TMDA. Tiba asili ina baraza lake. Swali la kwanza kwa anayekuletea bidhaa liwe: imesajiliwa wapi, na kama nini? Iliyosajiliwa kama chakula ikinadiwa kwamba inatibu kisukari au shinikizo la damu, imeanza kudai kazi ya dawa, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya neno lishe. Swali la pili: namba ya toleo na jina la kiwanda viko wapi? La tatu: bidhaa ikipigwa marufuku, nani atarudisha fedha za katoni zilizobaki? Yaandikwe kwenye mkataba, si kwa mdomo. Na wewe mwenyewe fungua daftari: nani amenunua nini, na nani amerudi na malalamiko.

Kwa mwekezaji mdogo anayetafakari kununua hisa au uwakala, tunashauri apime kampuni kwa hasara inayokubali kuziandika. Karatasi ndefu ya madhara iliyomo ndani ya boksi la dawa inatisha kuisoma, lakini ni ushahidi kwamba kuna mtu alihesabu. Kopo lililoandikwa "halina madhara" halijathibitisha usalama. Limethibitisha kwamba hakuna aliyehesabu, na hatari isiyohesabiwa ndiyo ghali kuliko zote, kwa anayemeza na kwa aliyewekeza.