Geuza Kamera Upande wa Kusini

Wasee, ile picha ya twiga na maghorofa ya Nairobi nyuma yake tumeiona. Kila mtu anayo. Shida ni kwamba inapigwa ukiangalia kaskazini, na stori yenyewe iko nyuma ya mgongo wako.

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu. Hiyo ni ndogo, manze. Jiji limezungushiwa ua, lakini kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, kuliachwa wazi makusudi. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda kula kwenye tambarare za Athi-Kapiti. Kiangazi kikishika wanarudi ndani kwa sababu maji yako huko. Mwaka wa 1978 nyumbu wa eneo hilo walikuwa karibu 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000.

SGR ilipokatiza mbuga tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini angalau reli iko juu ya nguzo, mnyama anaweza kupita chini. Ploti yako ya Kitengela je? Hamsini kwa mia, ndoto ya kila kijana aliyepata mshahara wa kwanza. Unalipa, wiki hiyo hiyo unaweka seng'enge ndio isinyakuliwe, halafu inakaa miaka kumi bila hata choo. Zidisha mara maelfu. Hapo ndipo njia ya nyumbu iliishia, na hakuna hashtegi iliyowahi kuanzishwa juu yake.

Ati Wamaasai ndio waliuza? Sasa wewe ungefanya nini? Pundamilia wanamaliza nyasi za ng'ombe wako, simba anaingia bomani usiku, na kiingilio cha watalii kinalipwa getini, mbali na wewe. Richard Turere alikuwa mtoto tu alipobuni taa za kumulikamulika za kufukuza simba kwenye boma lao, kando ya mbuga hii hii. Kuna wakati wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Dola nne! Hiyo ni vocha, si kodi.

Kule Mara, kambi za watalii zinakodi ardhi ya wenyeji na kuwalipa kodi ya maana, kwa hivyo inawezekana. Mimi nataka sehemu ya kiingilio cha Mbuga ya Nairobi iende moja kwa moja kwa wenye ardhi wa kusini, kwa ekari, kila mwezi. Nataka pia kaunti ya Kajiado iseme wazi ni wapi hakutakatwa ploti tena, na isibadilishe maneno kila uchaguzi ukikaribia.

Na kama tayari unayo ploti huko na hujengi, toa hiyo seng'enge. Bikoni zinatosha kuonyesha mpaka. Broker akikutumia lile tangazo la "mandhari ya mbuga", muulize pundamilia watapitia wapi.