Tumbo la Mtihani Si Vidonda

Kwa Mhariri,

Ninapangisha vyumba vya wanafunzi hapa Annex, Eldoret, na kila msimu wa mitihani naona yale yale: kijana halali, tumbo linamsokota, moyo unamwenda mbio. Anakimbilia duka la dawa, anauziwa vidonge vya vidonda vya tumbo, anarudi kujifungia. Wengine huambiwa waombe tu. Maombi siyakatai, ila kipimo cha wasiwasi kipo.

Kinaitwa GAD-7: maswali 7 kuhusu majuma mawili yaliyopita. Je, wasiwasi umekushinda kuuzuia? Umekosa utulivu hata wa kuketi? Kila jibu hupata alama 0 hadi 3. Ukifikisha jumla ya 10, inafaa uchunguzwe zaidi. Hakuna aliyekuita mwendawazimu. Ni karatasi moja, dakika chache. Mbona zahanati za vyuo zisimpe karatasi hiyo kila anayekuja akilalamikia tumbo na kukosa usingizi?

Wanaosema washauri nasaha ni wachache hawajakosea, lakini wasiishie hapo. Mradi wa Shamiri ulijaribu mikutano minne ya vikundi katika shule za upili nchini, ikiongozwa na vijana waliomaliza shule juzi tu. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha wasiwasi na sonona vikipungua. Vyuo vina vijana wa aina hiyo tele. Waliozidiwa wapelekwe Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyo mjini humu humu.

Karo iliyochelewa, ambayo nayo huwanyima wengine usingizi, bila shaka haitalipwa na mshauri nasaha. Hiyo ni kazi ya serikali.

Mama Mpangishaji,
Annex, Eldoret