Ujira wa Dalali wa Mtandaoni na Wajibu wa Kubainisha



Ndugu Waislamu, wazazi wengi siku hizi wanauliza kuhusu kipato cha vijana wao. Kijana hana duka wala bidhaa. Kazi yake ni kuandika mtandaoni habari za vitabu, simu na cherehani, kisha anaweka kiungo cha duka linaloviuza. Msomaji akinunua kupitia kiungo hicho, duka humlipa kijana kamisheni. Je, fedha hiyo ni halali?

Asili yake ni halali, na wala si jambo geni. Kampuni ya Amazon ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, lakini fiqhi inaujua udalali tangu zama za mwanzo. Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango wa ujira wa dalali, akataja kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na katika Sura Yusuf, aya ya 72, imesimuliwa ahadi ya shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme. Wanazuoni wameifanya aya hiyo kuwa dalili ya jua'la, yaani ujira unaostahiki kazi ikitimia. Kamisheni ya kijana wetu inafanana mno na hiyo: bila mauzo hapati kitu.

Tatizo basi liko wapi? Tazama dalali wa nyumba pale Dar es Salaam. Mpangaji anajua tangu mwanzo kwamba huyu ni dalali, na kwa kawaida humlipa kodi ya mwezi mmoja. Akiisifu nyumba, mpangaji huyapima maneno yake kwa mizani ya maneno ya dalali. Ama dalali wa mtandaoni huja kwa sura ya rafiki anayetoa nasaha, na msomaji hajui kwamba nasaha ile ina bei.

Wapo watakaosema: mnunuzi hapunjwi, kwa kuwa bei ni ile ile na anayelipa kamisheni ni duka. Hoja hii naiona dhaifu. Aliyepunjwa hakupunjwa shilingi. Amenyimwa habari ambayo angeitumia kuamua kiasi gani cha kuamini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji ndani. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Kwa hiyo tamko la kamisheni nalo liwe juu, kabla ya kiungo, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kulificha mwishoni kwa herufi ndogo ni kuirudisha nafaka mbichi chini ya chungu. Nchini Marekani mamlaka ya biashara imewataka wanaolipwa kusifu bidhaa mtandaoni wadhihirishe malipo hayo tangu mwaka 2009, na mwaka 2024 ikapiga marufuku maoni ya uongo ya wateja. Haipendezi sisi, tuliofundishwa kubainisha karne kumi na nne zilizopita, tusubiri kushurutishwa na serikali.

Kubainisha hakutoshi ikiwa maneno yenyewe ni ya uongo. Kijana anayeandika kwamba ameitumia cherehani ambayo hajawahi hata kuigusa anatoa ushahidi wa uongo. Na anayeacha bidhaa bora yenye kamisheni ndogo, akamwelekeza mtu kwenye mbovu yenye kamisheni kubwa, amefanya hiana kwa aliyemtaka ushauri.

Kisha kuna bidhaa zenyewe. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado husifiwa kwa mabinti zetu. Linalonitisha zaidi ni michezo ya kubahatisha. Wazazi wengi hawajui kwamba katika mipango mingi ya kampuni za kamari, anayemleta mchezaji hupewa sehemu ya fedha ambayo mchezaji huyo amepoteza. Maana yake jirani akiliwa ada ya shule ya mwanawe, fungu lake huingia katika simu ya kijana wako. Hapo hakuna tamko liwezalo kuhalalisha, kwa kuwa kamari yenyewe ni haramu kwa nassi ya Sura al-Maida, aya ya 90. Aliyekwisha kupokea fedha hiyo aache, atubu, na aitoe kwa wahitaji kwa nia ya kujisafisha, bila kuihesabu kuwa sadaka yake.

Mzazi asiishie kufurahia kwamba umeme umelipiwa. Akae na mwanawe, amuombe amwonyeshe anachosifu, nani anamlipa na kwa kiwango gani. Kiwango kisichojulikana ni gharari, nacho kiandikwe kabla ya kazi. Na ile iliyo halali ikikusanyika ikafikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka mzima wa Kiislamu, inatolewa zaka ya asilimia 2.5 kama mali ya mfanyabiashara mwingine yeyote.