Ndoa ya Mkeka Haimpi Mtoto Baba

Familia nyingi za Tanzania bado zinaamini kwamba binti aliyepata ujauzito angali mtoto husitiriwa kwa kuozwa upesi kwa kijana aliyehusika, na imani hiyo huheshimiwa kwa kuwa inasemwa na wazee, si kwa kuwa imewahi kupimwa kwa yale yanayowafika wanaoozwa. Watu wa pwani huiita ndoa ya mkeka, yaani ndoa inayofungwa papo hapo kwa shinikizo la ndugu, bila posa ya kueleweka.

Utetezi wake mkuu ni kwamba mtoto apate baba. Hoja hiyo haina mashiko, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi wajibu wa matunzo, yaani chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kwa sababu ni mzazi, awe ameoa au hajaoa, na mama anaweza kuyadai mahakamani bila cheti cha ndoa. Mvulana wa kidato cha tatu asiye na kipato hakipati kwa kuitwa mume; anachopata ni sababu ya kuacha shule na kwenda kutafuta kibarua, tena mbali na huyo mtoto anayedaiwa kupewa baba.

Kinachositiriwa hasa ni heshima ya wakubwa. Wazee wa pande mbili huketi sebuleni, wakatajiana faini ya kumharibia binti masomo, wakapatana mahari, wakaahidiana kuyamaliza nyumbani. Naye binti, aliyekuwa jikoni akiwachemshia chai wageni haohao, huitwa mwishoni kuulizwa kama ameridhia, swali ambalo halijaachiwa nafasi ya jibu la pili. Mhusika anapokuwa mtu mzima, mapatano hayo yana faida nyingine isiyotajwa kikaoni: kisheria kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke ni ubakaji hata akiwa ameridhia, na ingawa ndoa ya baadaye haifuti kosa hilo, huweza kuwaondoa mashahidi.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi ilhali mvulana akitakiwa kufikisha 18, vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 Serikali nayo ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo humfaa binti aliyebaki kwao, ambako bibi anaweza kumpakata mtoto hadi kengele ya mwisho, kuliko aliyepelekwa ukweni, ambako sare ya shule itaombewa idhini kwanza kwa mume, kisha kwa mama mkwe anayesubiri maji ya kisimani.