Unyevu Uliofichwa Ndani ya Lundo la Nafaka



Ndugu msomaji, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa mtu aliyekuwa akiuza nafaka. Akatia mkono wake ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua iliyolowesha. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa kunyeshewa. Alimlaumu kwa kuiacha nafaka iliyolowa chini badala ya kuiweka juu watu waione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Hadithi hii aghalabu huhubiriwa kwa wafanyabiashara. Wiki hii naomba tuisome sisi sote, wenye maduka na wenye majiko, kwa kuwa tuko katika msimu wa mavuno. Hapa Tunduma magunia yanashuka kutoka Momba, Mbozi na Sumbawanga, na malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde. Elimu ya maradhi na elimu ya mazao, kwa utafiti wa zaidi ya miaka 60, zimebainisha kuwa unyevu ule unaofichwa ndani ya lundo hauharibu nafaka tu. Huzaa sumu.

Sumu isiyo na rangi wala harufu

Habari yake ilianzia mbali. Mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana. Wachunguzi walifuatilia chakula chao wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndani yake walikuta sumu inayotolewa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo wakaiita aflatoksini. Wataalamu wetu wa Kiswahili huziita sumu za jamii hii sumukuvu.

Kuvu huyu anaishi udongoni. Hupanda kwenye mahindi na karanga zingali shambani, hasa zao likipigwa na ukame au likitobolewa na wadudu. Kisha nafaka ikivunwa na kufungwa kwenye gunia kabla haijakauka sawasawa, hupata makazi bora zaidi. Ukungu wenyewe waweza kuonekana, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, lakini sumu haionekani, hainuki wala haina ladha. Moto wa jikoni hauimalizi, kwa kuwa joto la sufuria ya ugali ni dogo mno kuivunja. Hivyo anayetegemea kwamba kila kitu huisha kikichemka anategemea lisilokuwepo.

Ikifika mwilini, sumu hii huelekea kwenye ini. Ini lenyewe, katika jitihada ya kuisafisha, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachong'ang'ania chembe za urithi ndani ya seli. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza uvimbe wa saratani ya ini kwa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika walikuta jeraha la aina moja mahali pamoja, katika jeni ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaane ovyo. Mwaka uliofuata utafiti wa Shanghai ulionyesha kwamba mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ambaye pia amekula aflatoksini hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa karibu mara 60 ya asiye na yote mawili. Hapa pana funzo kwa wazazi: kinga ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto nchini mwetu tangu mwaka 2002, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Anayempeleka mwanawe kwa wakati huvunja nusu ya ushirika huo muovu. Nusu iliyobaki imo kwenye gunia.

Yaliyotokea kwetu na kwa jirani zetu

Si jambo la vitabuni. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kufika hospitali wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika. Waliothibitika kuwa na dalili hizo walikuwa 68, na 20 kati yao waliitwa na Mola wao. Sampuli za mahindi kutoka nyumba zilizoathirika zilikutwa na aflatoksini kwa kiwango kikubwa mno.

Biashara nayo haikusalimika. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hizi. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Agosti 2024, ng'ambo ya mpaka wetu huu, Waziri wa Afya wa Zambia alitangaza kuwa kati ya sampuli 25 za unga zilizochukuliwa kwa wasagaji, 10 zilikuwa na aflatoksini nyingi, baada ya mbwa wapatao 400 kuripotiwa kufa.

Hata hivyo, vifo vya ghafla ni sehemu ndogo tu ya madhara. Sumu kidogo kidogo ya kila siku haimwangushi mtu leo, ila hulimbikiza madhara kwenye ini kwa miaka. Humfikia mtoto kupitia maziwa ya mama aliyekula nafaka chafu, na kupitia maziwa ya ng'ombe aliyelishwa pumba chafu. Tafiti za Afrika Magharibi na za hapa nchini zimeikuta sumukuvu kwa wingi miongoni mwa watoto wasiokua vizuri. Udumavu una sababu nyingi, lakini katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, hakuna sababu ya kupuuza hata moja. Akina mama wanaotengeneza unga wa uji wa lishe wazingatie hili: karanga zilizosinyaa na zilizovunjika, zinazouzwa rahisi sokoni, ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo zinazonunuliwa kwa ajili ya tumbo dogo kuliko yote nyumbani.

Chambua vibaya, toa sadaka?

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Katika kazi ya kamati ya msikiti hupokea nafaka: Zakatul-fitri, sadaka kwa mayatima, chakula cha wanafunzi wa madrasa. Waumini wengi huleta kizuri, Allah awalipe. Lakini yapo magunia yanayoonyesha kuwa uchambuzi umefanyika kinyume. Mahindi meupe yamebaki nyumbani, na yaliyobunguliwa, yaliyooza ncha na yenye ukungu yamefungwa yakaletwa kwa jina la Allah.

Katika Suratul-Baqara, aya ya 267, Allah (s.w.) amewakataza waumini kukusudia kilicho kibaya wakakitoa, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, wameeleza kwamba nafaka iliyobunguliwa au yenye kasoro haitoshelezi Zakatul-fitri. Anayetoa pishi ya namna hiyo ajue deni lake lingali shingoni.

Utafiti unaongeza uzito mwingine juu ya hukumu hiyo. Madhara ya sumukuvu hufuata wingi wa mlo. Mwenye nafasi leo anakula wali, kesho ndizi, keshokutwa viazi na nyama. Fukara anakula uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana na ugali usiku, mwaka mzima. Kwa hiyo tunapompelekea yeye gunia lililotushinda, tunampa sumu yule ambaye atailisha familia yake kwa wingi zaidi kuliko sisi. Hiyo haiwi sadaka. Ni kuhamisha madhara kutoka mlango wetu hadi mlango wake, na sheria yetu imesimama juu ya msingi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Watakuwepo watakaosema kwamba kutupa chakula ni israfu. Neno hilo ni la haki mahali pake. Israfu ni kupoteza riziki, na kinachoua si riziki. Tena hasara si kubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa sumu aghalabu hujikusanya katika punje chache. Punje moja iliyoshambuliwa sana yaweza kuchafua unga wa maelfu ya punje safi, na ndiyo sababu kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu kwa kutoa sehemu ndogo ya nafaka. Kwa sababu hiyohiyo, mfanyabiashara anayechanganya mahindi mabovu na mazuri ili yasionekane haipunguzi sumu. Anaisambaza.

Kuvu dhidi ya kuvu, na kazi ya mikono yetu

Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Wanasayansi waligundua kwamba miongoni mwa kuvu hao wa Aspergillus flavus wamo wasio na uwezo wa kutengeneza sumu. Taasisi ya kimataifa ya IITA na watafiti wa Tanzania waliwatafuta hao wasio na madhara humuhumu nchini, wakawapaka juu ya punje za mtama zilizouawa ili zisiote. Dawa hiyo, Aflasafe, ilisajiliwa nchini mwaka 2018. Mkulima hurusha kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kuvu wema huwahi nafasi, na wenye sumu wakakosa pa kukaa. Katika majaribio sumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wakulima wetu wamuulize bwana shamba mapema, kwa kuwa dawa hii ni ya shambani na haifufui nafaka iliyokwisha kuoza ghalani.

Nyumbani, haya yanatosha kuanzia. Tusianike mahindi juu ya udongo mtupu, tutandike turubai. Miezi ya Juni na Julai hapa kwetu Allah ametujaalia jua kavu na upepo, hatuna udhuru. Tukitaka kujua kama yamekauka, tutie kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tuongeze mahindi hadi theluthi, tutikise vizuri na tuiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na yarudi juani. Isipoganda, tuongeze siku nyingine ya jua, kwani ghalani panahitaji asilimia 13 na nusu au pungufu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na mwenye uwezo anunue mifuko isiyopitisha hewa. Kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hubaki kwenye pumba na kiini. Kwa hiyo dona isagwe kutokana na mahindi yaliyochambuliwa vyema. Punje mbovu zichomwe au zifukiwe, wala zisipewe kuku au ng'ombe, zitaturudia kwa njia ya maziwa.

Na msikiti nao una wajibu wake. Napendekeza kwa kamati za misikiti ya Tunduma na mkoa wote wa Songwe kwamba kila gunia la sadaka lifunguliwe na lichunguzwe kabla ya kugawiwa, mkono uzamishwe mpaka ndani, kwa adabu na bila kumfedhehesha aliyeleta. Mwenye kuleta baya aelezwe faraghani arudi nalo. Kumpokelea kwa haya ni kumdhulumu yeye katika ibada yake, na kumdhulumu yatima katika afya yake. Haki ya mayatima na mafukara ni nafaka ile ambayo sisi wenyewe tungeisaga tukawapikia watoto wetu.

Tumuombe Allah atukinge na ghushi katika biashara zetu na katika sadaka zetu, awaponye wagonjwa wetu, na azibariki ghala zetu. Wabillahi tawfiq.