Meno ya Kahawia si Uchafu

Wahenga walinena, kabla hujafa hujaumbika. Methali hii twaitia katika kila insha ili tupate alama, lakini tukishatoka darasani twaisahau kabisa. Nina sababu ya kusema hivyo.

Mwaka jana chama chetu kilitafuta mwanafunzi wa kughani shairi siku ya wazazi. Kuna kijana mmoja, jina nalihifadhi, ambaye akifungua kinywa hutaki anyamaze. Sote tulimtaka yeye. Akakataa katakata. Tulipombembeleza, alijifunika mdomo kwa kiganja akasema, "Mwataka hata wazazi wanicheke?" Meno yake ni ya kahawia. Kule bwenini walimbandika jina la Strungi, na mimi ninayeandika haya nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Siku chache baadaye tulimkuta bombani alfajiri akisugua meno kwa majivu na mchanga, ufizi unavuja damu. Hapo ndipo kicheko kilipotuisha.

Jameni, kwani kijana huyu hapigi mswaki? Anapiga kutushinda! Yeye alilelewa upande wa Naivasha. Miamba ya Bonde la Ufa ilitokana na volkeno, na maji yanayopita humo hubeba madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, balaa. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini visima vingi vya bonde hilo hupita kiwango hicho. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka 8 hivi, meno hayo yatachomoza yakiwa na mabaka. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Utasugua hadi lini?

Wala jambo hili si la Kenya pekee. Mwaka 1901 daktari wa meno wa Marekani, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alihangaika miaka 30, mpaka mwaka 1931 ilipobainika kuwa chanzo ni floraidi ya maji. Tena aligundua kuwa meno yale hayakuoza upesi kama ya watu wengine. Kumbe!

Haya, tuje kwetu sisi tunaojiona wazuri. Siku hizi mwanafunzi akitoka likizo amebeba unga wa mkaa wa kung'arisha meno, eti anataka meno meupe kama ya watu wa kwenye simu. Nani alisema jino zima ni jeupe kama karatasi? Gamba la nje la jino hupenyeza mwanga, na chini yake kuna sehemu yenye umanjano. Ndiyo rangi yetu. Unga wa mkaa, mchanga na ndimu hulila gamba hilo, nalo likishalika halioti tena. Matokeo ni kwamba umanjano unaoukimbia ndio utakaozidi kuonekana, na chai ikikugusa jino unaruka! Hata dawa zenye haidrojeni peroksaidi si za mchezo. Huko Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa za kung'arisha zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hiyo huanzia kwa daktari wa meno, na haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Sisi twajipaka bwenini!

Najua wapo watakaoniuliza, je, mtu asijipambe? Ajipambe. Mtu mzima akitaka kung'arisha meno, na aende kwa daktari wa meno. Hata mwenye meno ya kahawia akitafuta matibabu, simwiti mwenye majivuno. Ninachokataa ni mtu kujiumiza kwa sababu ya vicheko vyetu.

Basi nina mapendekezo matatu. Kwanza, majina kama Strungi yakome, na viranja wasijifanye hawayasikii. Pili, unga wa mkaa tuuache. Mswaki na dawa ya kawaida yenye floraidi, asubuhi na usiku, vinatosha. Tatu, sisi tunaotoka Bonde la Ufa tuwaambie wazazi wetu kuwa kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Wadogo zetu wanaweza kupewa maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, au maji yaliyopitishwa katika vichujio vya mkaa wa mifupa. Kisima nacho kipimwe kabla watoto hawajaanza kukitegemea.

Siku ya wazazi shairi lilighaniwa na mtu mwingine, tukapiga makofi ya heshima tu. Mwaka huu nafasi ile ingali wazi. Ndugu yangu, ukiusoma ukurasa huu, jua kwamba nilikukosea na ninakuomba radhi. Njoo ughani. Atakayecheka, atacheka peke yake.